Nachonga mlango wa mwenzangu, na moyo wanichoma

Shangazi, assalaamu alaykum.

Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nna miaka 39, mke mmoja, watoto watatu, na mama yangu mzazi naishi naye. Patasi nimeishika tangu nikiwa na miaka 16, karo iliposhindikana nikapelekwa kwa mjomba kujifunza kuchonga. Barua ya namna hii sijawahi kuandika. Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala.

Nna rafiki tuliyesoma naye chuo cha Kurani na shule ya msingi, tukaiba maembe pamoja na kupigwa pamoja. Mwaka 2011 alipata njia ya kwenda Uarabuni, na mimi akanitafutia. Baba yangu alikuwa amefariki miezi miwili tu nyuma, mama hana mtu, nikamwambia nenda wewe. Alianza kwa kuendesha gari la tajiri, baadaye akafungua duka lake la vipuri. Mama yake alifariki yeye akiwa huko huko. Mwaka jana amerudi kujenga. Nyumba ya mawe, ghorofa tatu, juu kabisa kuna ukumbi wa makuti kama zile za wazungu wa Shela.

Ilipokaribia kwisha akaja karakana kwangu, akanikumbatia mbele za watu akasema, "Mlango wa mbele hauchongi mtu mwingine ila wewe." Akaniuliza bei. Shangazi, sijui ni shetani gani alinipitia, nikamwambia Sh80,000. Mti wa mbambakofi peke yake unakula zaidi ya nusu ya hizo. Mlango kama ule mgeni namtoza maradufu na analipa bila kunung'unika. Nilimtajia bei ya chini asije akaniona nna njaa.

Kazi ya wiki sita sasa ina miezi mitatu. Kila nikikaa kwenye ule mbao, kichwa kinaanza hesabu zake. Yeye miaka 39, ghorofa tatu. Mimi miaka 39, paa la makuti linavuja juu ya kitanda cha mama. Tuna kundi la WhatsApp la tuliomaliza darasa la nane pamoja, watu 41. Mmoja ana boti za watalii, mmoja ni mhasibu wa kaunti, mmoja yuko bandarini Kililana, na binti aliyekuwa akikaa nyuma yangu ni daktari Mombasa. Mimi hupiga picha ya kazi yangu, nikaiangalia, nikaifuta kabla sijaituma.

Wiki iliyopita nilikuwa nachonga mfaa. Simu ikalia, kumbe ni yeye, katuma video ya marumaru zikiwekwa sebuleni. Nikaitazama mpaka mwisho. Niliporudi kwenye kazi patasi ikapitiliza, ikang'oa ua zima. Shangazi, mfaa sijauharibu tangu niachwe nifanye kazi peke yangu. Nilikaa chini kwenye maranda kama mtu aliyepigwa. Msaidizi wangu akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama kila jioni ataniita dirishani, "Ndoo uone, nyumba ya mwenzio wamewasha taa." Hana nia mbaya, anafurahi tu, yule alikuwa kama mwanawe. Na mke wangu siku nilipolalamika aliniambia, "Kwani yeye alikukataza kwenda?" Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya sukari na unga basi.

Nna mambo mawili. Nirudishe arbuni ya watu niachane na mlango huu, ama nifanyeje niumalize? La pili ndilo kubwa: mtu hujijuaje kama amefanikiwa au amefeli, ikiwa hajitazami kwa wenzake? Imamu wetu alitukumbusha kuwatazama walio chini yetu. Nimejaribu. Nikimtazama mpagazi wa gati la Mokowe najisikia nafuu dakika tano, kisha najionea haya.

Fundi wa Langoni

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na mfaa, maana ndio ulioniuma kuliko yote. Kwa wasomaji wa bara ambao milango yetu wameiona kwenye kalenda tu: mfaa ni ule mti wa kati, unaoungana na ubao mmoja na kuufunika mwanya pale mbao mbili zinapokutana. Anayebisha hodi jicho lake hutua hapo kwanza. Ukiharibu ua la kwenye miimo, zile nguzo za pembeni, unaweza kuficha kwa hila za fundi. Kwenye mfaa hakuna pa kuficha. Kwa hiyo naelewa kwa nini ulikaa chini.

Arbuni usirudishe. Ukirudisha leo, utapita mbele ya nyumba ile miaka 30 ijayo ukiutazama mlango wa fundi mwingine, na huo ndio utakaokuchoma kwelikweli. Nunua mti mwingine wa mfaa kwa pesa yako mwenyewe, kosa ni lako si lake, na mwambie kazi itachelewa. Usimwambie sababu. Si kila kilicho moyoni ni cha kupelekwa kwa mwenye nyumba.

Sasa niingie kwenye lile unalolidhani ni ugonjwa. Unaogopa kwamba umekuwa hasidi. Hukulitaja neno, lakini naliona limekaa katikati ya mistari. Mwanangu, hasidi namjua, nimeishi naye Malindi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hasidi huwa na habari kamili za pesa za watu zimetoka wapi. Angeandika kwamba huko Uarabuni kuna biashara za kiza, na ghorofa tatu hazipatikani kwa vipuri. Wewe umeandika kwamba alianza kwa kuendesha gari la tajiri. Hukutamani nyumba yake iporomoke, umetamani na yako isimame. Hayo ni mambo mawili, na dini yetu imeyatenganisha tangu zamani.

Kujilinganisha kwenyewe wala si dhambi. Ni tabia ya mtu kama kupiga miayo. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Leon Festinger, aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu ana hamu ya kujua yuko wapi, na pale asipopata kipimo cha wazi hujipima kwa binadamu wenzake. Tena si kwa yeyote. Humtafuta anayefanana naye. Hebu jitazame hapo. Wazungu wenye majumba ya Shela, wanaotua Manda kwa ndege zao, umewachongea milango miaka yote hiyo na hukuharibu hata ua moja. Nyumba zao zingine ni kubwa mara mbili ya hii ya rafiki yako. Hazikukuuma kwa sababu hawakuiba maembe na wewe.

Ndiyo maana hata kwenye mashindano aliyeshika nafasi ya pili mara nyingi huumia kuliko wa tatu. Watafiti wa Marekani waliwahi kuzichunguza nyuso za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wakachapisha matokeo mwaka 1995: wenye medali za shaba walionekana na furaha kuliko wenye za fedha. Wa fedha macho yake yako kwa aliyempita kidogo, wa shaba anamfikiria aliyetoka mikono mitupu. Nenda katazame mbio za punda hapo gatini kwenu ukipata nafasi, utaona hivyo hivyo. Punda peke yake ndiye asiyejali nani katangulia.

Haya. Kama shida ni kukosa kipimo cha wazi, wewe ndiye mtu wa mwisho Lamu nzima kukosa kipimo. Unapoitiwa kazi ya mlango, hatua yako ya kwanza ni ipi? Unachukua futi unakwenda kwenye nyumba yenyewe, unapima uwazi wa ukuta: kimo, upana, unene wa miimo. Sijasikia fundi aliyekwenda kupima uwazi wa jirani akarudi kuchonga mlango wa huyu. Mlango mzuri kuliko yote wa mji wa Siyu, ukiubeba ukauleta kwenye nyumba ambayo uwazi wake umepungua inchi tatu, ni kuni. Na wewe miezi mitatu unajaribu kuupachika mlango wa mwenzako kwenye ukuta wa maisha yako, ukishangaa kwa nini haufungi.

Swali basi ni uwazi wako ukoje. Hapa nilirudi kusoma barua yako mara ya pili na kalamu mkononi. Wenzako wa darasa umewataja wanne: boti, uhasibu, bandari, udaktari. Wote umewamaliza kwa sentensi moja. Hakuna anayekunyima usingizi kati yao. Lakini nyumba ile umeihesabu mpaka ukumbi wa juu. Na mama yako umemtaja sehemu nne: ulipobaki kwa ajili yake, kitanda chake kinachovujiwa, dirisha anapokuitia, na kule mwanzo kabisa pale ulipojieleza wewe ni nani. Mtu akisema anaonea wivu ghorofa tatu, mimi humwuliza zote tatu utazifanyia nini. Wewe hutaki ghorofa. Unataka usiku wa mvua mama asiamke kuweka beseni.

Hicho ni kipimo, na ni chako, na kinapimika kwa futi. Kina urefu, kina upana, kina bei ya makuti na fito. Ukikiandika leo utajua mwezi wa nne kama umekifikia au bado, bila kumwuliza mtu yeyote katika watu 41.

Imamu wenu hakukosea, hadithi ile ni sahihi na mwisho wake unaeleza sababu: ili tusizidharau neema tulizopewa. Haikusemwa ili tumtumie maskini kama ngazi ya kupandia tujione warefu. Ile haya unayoiona baada ya dakika tano ni afya, mwanangu, usiitafutie dawa. Yule mpagazi wa Mokowe naye ana uwazi wake wa ukuta. Huenda mwanawe wa kwanza anaingia sekondari mwaka huu na usiku analala fofofo.

Wapo watakaokufariji kwa njia nyingine, pengine washaanza. Watakuambia, "Mtazame yule, pesa anazo lakini hakumzika mama yake, wewe mama uko naye." Mimi sitakuambia hivyo, na akikuambia mtu mkatishe. Huko ni kuuchukua msiba wa rafiki yako ukauhesabu kama bao lako. Wewe ulibaki, yeye alienda, kila mmoja alilipa na risiti anayo mwenyewe. Wala mkeo hakukutukana. Alikuuliza swali ambalo jibu lake unalo: hakunikataza, nilichagua. Lijibu kwa sauti, mbele yake, na chai mkononi. Naamini sukari na unga havitakuwa mazungumzo ya pekee nyumbani humo.

Nikupe langu kidogo, ingawa silipendi. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31 hapa Malindi. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, tuliajiriwa mwaka mmoja, tukipanga chumba kimoja. Akapandishwa akawa naibu, kisha mwalimu mkuu, kisha akahamishiwa ofisini. Nilijiambia siumii. Niliumia mpaka nikawa napitia njia ya nyuma nisimsalimie. Baada ya kustaafu nikawa napanga makaratasi nikakutana na daftari langu la zamani. Tangu mwaka wa kwanza wa kazi nilikuwa naandika humo kila Januari majina ya watoto wasiojua kusoma hata silabi, na kila Novemba napiga alama kwa aliyeanza kusoma. Ukurasa kwa ukurasa. Nikafika miaka miwili ya katikati, kurasa nyeupe. Nikahesabu miaka: ni ile ile aliyopandishwa ukuu. Watoto nilikuwa nao, wengine bila shaka walisoma, lakini mimi niliacha kuhesabu changu kwa kuwa nilikuwa kazini kuhesabu cha mwenzangu. Miaka ile siwezi kuirudisha, na majina yale siyakumbuki hata moja.

Kwa hiyo fungua daftari. La kurasa 96 linatosha. Kila mlango uliouchonga unaoukumbuka: mwaka, mtaa, mti gani, nani alikuwa msaidizi, kitu gani ulikifanya humo ambacho mlango wa kabla hukukiweza, bei uliyotaja na pesa iliyobaki mfukoni baada ya mti na vibarua. Kisha Ijumaa moja baada ya sala toka Langoni utembee taratibu mpaka Mkomani, ukaitazame. Uanze na ule wa kwanza kabisa uliouchonga mjomba akiwa amesimama nyuma yako. Mnyororo wake wa kuchongwa wa pembeni lazima umepinda mahali, nakuapia. Weka kidole hapo ulipopinda, halafu kaweke kidole kwenye wa mwaka jana.

Lakini usiishie hapo pia, maana kujipima kwa jana yako peke yake nako kuna mtego. Fundi macho huchoka. Ukifika miaka 60 mnyororo wa mwaka jana utakuwa bora kuliko wa mwaka huo, utakaa uanze kulia upya. Ndiyo maana kwenye daftari nimekuambia uandike jina la msaidizi. Yule kijana aliyekuuliza kama unaumwa, je, anaweza kuchonga mfaa peke yake? Kama hawezi, ana miaka mingapi kwako? Hapo kuna kipimo ambacho miwani haikipunguzi. Mji wenu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na katika maelezo yaliyoandikwa kuhusu Lamu milango ya kuchongwa imetajwa. Sikusifu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nakuuliza tu nani ataitengeneza hiyo milango mkono wako ukianza kutetemeka.

Na jambo la simu. Wazee waliojenga Lamu walikuwa na akili ambayo sisi tumeipoteza hivi karibuni tu. Pita vichochoro vya Mkomani, kuta ni ndefu na kavu, hujui ndani kuna tajiri au fukara. Uzuri wote, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) ukuta mzima na vyombo vya kauri, uko ndani, unauona ukikaribishwa. Kwa nje waliacha kitu kimoja tu kiseme: mlango. Na hata huo una methali yake, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo zidaka zetu tumezitoa nje tukazipanga kwenye simu, marumaru hazijakauka watu 41 washaziona. Na nyufa tumeziacha ndani. Wewe unalinganisha ufa wako na kidaka chake, utashinda lini? Usitoke kwenye kundi, watasema umenuna. Zima sauti yake. Na saa za kazi simu ikae kwa mkeo mpaka adhuhuri. Patasi na video havikai mkono mmoja, umeshaona.

Tena kuna suala la pepo za bahari, na hili mtu wa Lamu sipaswi kumfundisha. Majahazi ya Arabuni yalishuka kwetu na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, yakarudi kwao na kusi, upepo wa kutoka kusini. Nahodha aliyengoja kusi hakuitwa mvivu kwa kuwa mwingine alikwisha fika na kaskazi. Kazi yako inategemea wageni na wajenzi. Umekuwa nayo mwaka 2014, watalii walipoikimbia Lamu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na usiku watu wakafungiwa ndani kwa amri ya kutotembea. Umekuwa nayo 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege. Karakana haikufungwa. Ukihesabu miaka yako, hesabu na hiyo.

Nimeacha la mwisho ambalo nakuonea hasira kidogo: bei. Hili usilichanganye na mambo ya moyo. Sehemu ya uchungu wako si wivu hata kidogo, ni hesabu mbaya. Mtu anayefanya kazi ya miezi mitatu kwa pesa isiyofika elfu 40 baada ya mti lazima achukie mwenye kazi, hata angekuwa ndugu yake wa tumbo moja. Ulishusha bei ili usionekane na njaa, sasa njaa unayo na bado unaficha. Huo si ukarimu. Ungekuwa ukarimu ungemwambia, "Mti nunua wewe, ufundi ni zawadi yangu," ukalala usingizi.

Nenda kwake, si kwa simu, nenda kwa miguu, umwambie hivi: "Ndugu yangu, siku ile nilikutajia bei kwa haya. Mti umesimama kiasi hiki, msaidizi kiasi hiki, siku zangu kiasi hiki. Mlango huu kwa mtu mwingine ni bei fulani. Wewe utanipa ngapi?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, wengi huharibu hapo kwa kujaza maneno. Mtu aliyekuja kukukumbatia mbele za watu sidhani atakuacha upate hasara kwa kujua. Akishikilia bei ya kwanza, malizia kwa bei hiyo, neno lilikutoka mwenyewe, na kuanzia mteja anayefuata bei iandikwe kwenye karatasi kabla msumeno haujagusa mti.

Siku mlango ukipachikwa, mpeleke mama. Aitazame mchana, si taa za jioni kutoka dirishani. Kisha omba ruhusa ya mwenye nyumba, piga picha, tuma kwenye lile kundi, na safari hii usiifute.

Ule mfaa ulioharibika usiuchome kuni. Ugeuze, mpe msaidizi wako achonge upande wa pili, ua kwa ua, na wewe ukae pembeni mikono kifuani usimsaidie hata akikutazama. Makuti yaagize sasa hivi, masika yakikaribia kila mtu huyatafuta na wauzaji wanajua. Na kile kitanda cha mama, mwanangu, kisogeze leo upande usiovuja. Hilo halina bei.

Shangazi yako, Malindi